UDONGO UNAOVIMBA NA NYUMBA ZINAZOPASUKA

Ajengaye Arua au Koboko na aulize kwanza ardhi, kisha amwulize fundi

Nyumba ni stara ya mtu. Askari, awe wa jeshi au wa polisi, huishi sehemu kubwa ya maisha yake kambini, katika nyumba ya serikali ambayo siku moja atamwachia mwingine. Kwa sababu hiyo fedha anazoweka akiba, ama katika chama cha Wazalendo kwa wanajeshi ama katika chama cha Exodus kwa polisi, aghalabu huelekezwa kwenye kiwanja na matofali. Nayo malipo ya kustaafu yafikapo, mabati na saruji ndivyo vitu vya kwanza kununuliwa. Ni huzuni kubwa basi nyumba iliyogharimu jasho la miaka ishirini inapoanza kupasuka kabla rangi yake haijafifia.

Dalili huanza kidogo kidogo. Katika Januari, jua la kiangazi likiwa kali, ufa mwembamba huonekana kwenye pembe ya dirisha, ukapanda kwa mshazari kama ngazi kutoka tofali hadi tofali. Mvua zikianza, ufa hujifumba, na watu wa nyumbani hufurahi wakidhani umepona. Lakini mlango uliokuwa ukifunga vizuri sasa hukwama. Mume ajapo likizo mkewe humwambia, "Baba Asina, mlango wa chumba cha watoto umekataa tena." Mume huchukua randa akaupunguza mlango, kiangazi kirejeapo, mlango ule ule huacha mwanya wa kupita mjusi. Hapo fundi hulaumiwa, saruji hulaumiwa, pengine hata jirani hushukiwa kwa husuda. Mara nyingi mkosaji wa kweli amelala chini ya sakafu, naye ni udongo.

UDONGO UNYWAO MAJI

Si kila udongo wa mfinyanzi ni sawa. Punje zake ni ndogo mno, jicho haliwezi kuziona moja moja, nazo zimeumbwa kama karatasi nyembamba zilizopangwa moja juu ya nyingine. Katika udongo mwekundu wa miinukoni, karatasi hizo ni za aina iitwayo kaolini, nazo zimeshikamana barabara hata maji hayapati njia ya kupita katikati. Udongo wa namna hiyo hulowa, hukauka, wala hauongezeki sana.

Ipo aina nyingine iitwayo montimorilonaiti, jina lililotokana na mji wa Montmorillon nchini Ufaransa. Karatasi zake hazikushikana kwa nguvu. Maji yakija hupenya katikati yake na kuzisukuma zitengane, kama kurasa za kitabu kilichosahauliwa mvuani. Udongo huo huvimba ukilowa na hunywea ukikauka, na katika kunywea kwake hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtoto huweza kuingia.

Udongo huu hujengeka hasa mahali tambarare au bondeni, maji yanaposimama na madini yakakosa njia ya kuoshwa. Mara nyingi rangi yake ni nyeusi au ya kijivu. Katika nchi nyingi huitwa udongo wa pamba, kwa kuwa wakulima wa India walipanda pamba katika udongo wa aina hiyo. Tanzania wengi huuita udongo wa mbuga. Nyanda za Gezira huko Sudan ni za udongo huo, hali kadhalika mashamba ya mpunga ya Mwea nchini Kenya. Kwa mkulima ni neema, kwa maana hushika maji na rutuba. Kwa mwenye kujenga ni mtihani.

Watu wa Nairobi wanaujua mtihani huo vizuri. Mji ule ulianza mwaka 1899, reli ilipofika katika tambarare yenye majimaji, na hadi leo wajengao upande wa mashariki wa jiji huchimba udongo mweusi na kuuondoa kwa malori hadi wafikie moramu au mwamba, ndipo waweke msingi. Huko Kibaha, katika Mkoa wa Pwani nchini Tanzania, majengo yaliyopasuka juu ya udongo unaovimba yalichunguzwa na mhandisi Charles Lucian, ambaye utafiti wake ulitolewa mwaka 2008. Wala nchi tajiri hazikusalimika. Mwaka 1973 wahandisi wawili wa Marekani, Jones na Holtz, walikadiria kwamba udongo unaovimba uliharibu mali ya dola bilioni 2.3 kila mwaka katika nchi yao, hasara iliyopita ile ya mafuriko, vimbunga na matetemeko ya ardhi yakijumlishwa pamoja.

MIINUKO NA MABONDE YA NILE MAGHARIBI

Mwenye kutoka Vurra kupitia Arua na Koboko hadi Oraba, katika barabara ya lami yenye kilomita 92, huona kwa macho yake jinsi udongo ubadilikavyo. Juu ya miinuko udongo ni mwekundu, na chini yake mara nyingi kuna moramu iliyoshikana na miamba ya kale. Barabara ikiteremka kukuta kijito, wekundu hupungua, mchanga wa kijivu hutokea, na katika sakafu ya bonde huonekana udongo mzito wa mfinyanzi, ule ule ambao vijana huufyatulia matofali. Ndivyo yalivyo mabonde mengi ya vijito viingiavyo katika mto Enyau kule Arua, na ndivyo ilivyo pia kwa mabonde yaliyo chini ya mlima Liru kule Koboko. Kadiri mtu ateremkavyo kuelekea Nile, tambarare huongezeka, na haja ya kuuchunguza udongo huongezeka nayo.

Haifai mtu kuhukumu kwa rangi peke yake. Upo udongo mweusi usio na madhara, ambao weusi wake ni wa majani yaliyooza. Na upo wa kijivu unaovimba sana. Hata hivyo, rangi na mahali ni onyo la kwanza, nalo lisipuuzwe.

Majira ya mvua ndiyo yanayouchochea udongo. Arua hupata mvua inayozidi milimita 1,200 kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Aprili na Novemba. Kisha hufuata miezi ya Desemba, Januari na Februari, ambayo jua lake hukausha ardhi kabisa. Basi kila mwaka udongo wa bondeni hunywa hadi ukashiba, kisha hukaushwa hadi ukapasuka.

Hapo ndipo penye siri yenyewe. Si wingi wa maji unaobomoa nyumba, wala si ukavu. Udongo wenye unyevu wa kadiri moja mwaka mzima hautikisi ukuta. Kinachodhuru ni kule kubadilika. Chini ya katikati ya sakafu, jua halifiki na mvua haifiki, kwa hiyo unyevu hautofautiani sana. Lakini chini ya kuta za nje udongo hulowa na kukauka pamoja na majira. Hivyo kingo za nyumba huinuka na kushuka, hali katikati imetulia. Nao ukuta wa matofali, ambao hauwezi kupinda, huchagua kuvunjika.

NYUMBA NYEPESI HUUMIA ZAIDI

Wengi hudhani kwamba hatari ni ya maghorofa. Kwa udongo unaovimba mambo ni kinyume. Nyumba ya kawaida isiyo na ghorofa, yenye kuta za matofali na paa la mabati, hukandamiza ardhi iliyo chini ya msingi wake kwa uzito wa tani tatu au nne hivi kwa kila mita ya mraba. Udongo mkali unaovimba huweza kusukuma juu kwa nguvu ya tani 20 na zaidi kwa eneo lilo hilo. Jengo zito huweza kushindana nao. Nyumba ndogo ya familia hunyanyuliwa kama mtoto mgongoni.

Wazee wa kale walilijua jambo hili ingawa hawakuliandika vitabuni. Katika nchi ya Walugbara na Wakakwa, watu walipenda kuweka miji yao juu ya mwinuko, bonde wakaliachia mifugo, mboga na visima. Nyumba ya duara ya miti, udongo na paa la nyasi hupinda kidogo bila kuvunjika, na ufa ukitokea hukandikwa kwa udongo uleule, wala hakuna senti iliyopotea. Vita vya miaka ya 1979 na 1980 vilipowafukuza wakazi wengi wa Nile Magharibi hadi Sudan na nchi iliyoitwa wakati huo Zaire, nao wakarejea katika miaka ya 1980, wengi walijenga upya juu ya mahame yao ya zamani, mahali palipokwisha kujaribiwa na vizazi.

Siku hizi mambo yamebadilika. Arua ilifanywa jiji tarehe 1 Julai mwaka 2020, na viwanja vya juu vina wenyewe. Mnunuzi aliyetoka kazini mbali, mwenye likizo ya siku chache, huonyeshwa kiwanja tambarare karibu na kijito kwa bei nafuu. Huonyeshwa wakati wa kiangazi, ardhi ikiwa ngumu kama sakafu. Urahisi wa bei hiyo huja kulipwa baadaye kwa saruji ya kuziba nyufa.

Zaidi ya hayo, mahali penye majimaji pana sheria yake. Kanuni za serikali za mwaka 2000 kuhusu ardhi oevu na kingo za mito hazimruhusu mtu kujenga humo apendavyo. Mnunuzi wa bondeni huweza kupoteza nyumba mara mbili: kwa udongo, na kwa amri ya kubomoa.

KUUPIMA UDONGO NYUMBANI

Kipimo cha hakika ni cha maabara. Lakini yapo majaribio ambayo mama wa nyumbani na watoto wake wa shule wanaweza kuyafanya kwa gharama ndogo kabla fedha ya kiwanja haijatolewa.

La kwanza ni kutembelea kiwanja mara mbili, mara moja katika kiangazi na mara moja katika masika. Katika kiangazi hutazamwa nyufa za ardhi. Zikichora maumbo kama magamba ya kobe, na kijiti kikazama ndani yake, hiyo ni dalili mbaya. Katika masika hutazamwa kama maji husimama, na kama udongo hunata viatuni kwa mabonge mazito. Nyumba za majirani nazo zitazamwe pembe za madirisha, na wenyewe waulizwe kwa adabu.

La pili ni kuchimba. Shimo lifike mita 2, moja kila upande wa kiwanja, maana udongo wa juu hudanganya. Mara nyingi chini ya nusu mita ya udongo mwekundu uliosombwa na maji hukutwa mfinyanzi wa kijivu. Mashimo hayo yafunikwe usiku, kwa usalama wa watoto na mifugo.

La tatu ni la chupa. Udongo uliochimbwa chini hukaushwa, husagwa na kuchekechwa kwa chekecheo la unga. Chupa nyembamba inayoonyesha ndani hutiwa unga huo kidogo, kimo chake kikatiwa alama. Kisha unga hutolewa, chupa hujazwa maji, na unga ule ule hurudishwa polepole. Baada ya siku moja kimo hutazamwa tena. Kikiwa kimefika mara mbili ya alama au zaidi, udongo huo ni wa kuogopwa. Kikiwa hakikuongezeka hata nusu, hofu hupungua.

La nne ni la kisanduku. Seremala hutengeneza kisanduku cha mbao kisicho na kifuniko, urefu wa ndani sentimeta 60, upana 4 na kina 4, nacho hupakwa mafuta. Udongo uliochekechwa hukandwa kwa maji hadi uwe laini kama uji mzito, hujazwa ukashindiliwa, kisha huachwa hadi ukauke kabisa. Vipande vyote husukumwa upande mmoja na mwanya uliobaki hupimwa kwa rula. Mwanya usiofika sentimeta 3 hauna tishio kubwa. Kati ya 3 na 5 yataka tahadhari. Ukizidi 5, mtu asijenge juu ya udongo huo bila shauri la mhandisi.

NAMNA YA KUJENGA

Dawa iliyo bora ni kuhamia juu zaidi katika kiwanja hicho hicho, kama kina mteremko. Mara nyingi hatua hamsini hutosha kutoka kwenye mfinyanzi hadi kwenye moramu.

Ikiwa mfinyanzi ni wa kina cha mita moja hivi, yafaa uondolewe wote chini ya nyumba na kandokando yake, kisha pajazwe moramu safi, kwa tabaka za sentimeta 15, kila tabaka ikinyunyiziwa maji na kushindiliwa. Hapa wengi hukosea kwa kujaza mchanga. Mchanga hupitisha maji upesi, nao ukizungukwa na mfinyanzi huwa kama bakuli: maji hukusanyika humo na kuulisha udongo ule ule uliokusudiwa kukwepwa.

Ikiwa mfinyanzi ni wa kina kirefu, msingi hauna budi kushuka hadi mahali ambapo majira hayafiki. Kwa nyumba ndogo, mhandisi huweza kushauri nguzo fupi za zege zenye nondo, zilizotiwa katika mashimo, na juu yake boriti ya zege ya kubeba kuta. Chini ya boriti huachwa mwanya wa sentimeta 7 hadi 10, ili udongo ukivimba uwe na mahali pa kuingia bila kuigusa nyumba. Njia nyingine ni kuweka nyumba nzima juu ya jamvi moja la zege lenye nondo, liinuke na kushuka kwa pamoja kama mtumbwi. Chokaa nayo husaidia. Ikichanganywa na mfinyanzi kwa kadiri ya asilimia 4 hadi 8 ya uzito wake, hubadili tabia ya udongo na kupunguza kuvimba. Wanaoishika wakinge macho na ngozi, kwa kuwa chokaa huunguza.

Vyovyote iwavyo, nyumba na iwe ya umbo rahisi la mstatili, yenye mkanda wa zege na nondo juu ya msingi na mwingine juu ya milango na madirisha. Baraza au chumba cha kuongezwa baadaye kisifungwe kwa nguvu kwenye ukuta wa zamani. Kiachiwe mwanya, kwa maana kila kimoja kitatembea kivyake. Na mtaro wa msingi usiachwe wazi juani kwa majuma mengi kwa kungoja mshahara ujao. Ukauke kupita kiasi, kisha ufunikwe na zege, nao utavimba mvua ifikapo.

Sheria ya Uganda ya Udhibiti wa Majengo ya mwaka 2013 humtaka ajengaye apate kibali. Wengi huona kibali kuwa ni usumbufu. Kumbe hiyo ndiyo nafasi ya kumwuliza mhandisi wa wilaya au wa jiji habari za udongo kabla tofali la kwanza halijalazwa.

KAZI YA WENYE NYUMBA

Nyumba ikisha kujengwa, ulinzi wake humwangukia yule akaaye humo, naye aghalabu ni mama, kwa maana baba yu kazini. Kazi yenyewe ni moja: kuyaongoza maji.

Maji ya paa yapokewe kwa mfereji na kupelekwa mbali, au katika tangi lisilovuja. Kuzunguka nyumba yote pawe na sakafu ya nje ya zege au ya moramu iliyoshindiliwa, upana wa mita 1 au zaidi, ikiinamia nje kwa sentimeta 5 katika kila mita. Bafu, shimo la maji machafu na mahali pa kuoshea vyombo viwe mbali na kuta. Bomba linalovuja litengenezwe siku hiyo hiyo. Maua yaliyopandwa chini ya dirisha na kumwagiliwa kila jioni hupendeza, lakini huulowesha upande mmoja wa nyumba, na upande wa pili ukabaki mkavu. Ndiyo njia ya hakika ya kuipinda.

Miti ina hesabu yake. Mikaratusi, ambayo katika Nile Magharibi hupandwa kwa kuni, nguzo na kukaushia tumbaku, hunywa maji mengi mno. Mmoja ukiwa karibu na ukuta, hukausha ardhi ya upande huo na kona hiyo ikashuka. Kwa uchache mti uwe mbali na nyumba kwa kadiri ya urefu utakaoufikia. Nao mkaratusi wa zamani usikatwe ghafula: udongo ulioukausha kwa miaka utaanza kunywa upya na kuvimba.

NYUMBA ILIYOKWISHA PASUKA

Mwenye nyumba iliyokwisha pasuka asikimbilie kununua saruji. Kwanza aujue ufa wake. Nyufa nyembamba kama unywele, zilizotapakaa katika lipu, si neno. Lipu ilikauka upesi tu. Ufa wa mshazari utokao kwenye pembe ya mlango au dirisha, unaofunguka kiangazi na kujifumba masika, au kinyume chake, ndio wa udongo.

Ncha mbili za ufa zitiwe alama kwa kalamu, na tarehe iandikwe pale pale ukutani. Upana upimwe kila mwisho wa mwezi na kuandikwa daftarini. Kazi hiyo mtoto wa shule aweza kupewa. Wakati huo huo mifereji, sakafu ya nje na mabomba yatengenezwe. Mwaka mmoja ukipita, daftari litasema lenyewe. Ufa ukiwa umetulia, uzibwe. Ukizidi kupanuka, au sakafu ikiinuka katikati, au ukuta ukiinama, watoto wasilazwe chumba hicho, na mhandisi aitwe.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Kwa udongo unaovimba, mwenye busara huzuia maji kwanza, ndipo azibe ufa. Na asiyejenga bado ana bahati kuu kuliko wote, kwa kuwa shimo la mita 2 na kisanduku cha mbao havigharimu hata bei ya mifuko michache ya saruji, navyo huweza kuokoa akiba ya utumishi mzima.